Inajipika Yenyewe

Chini ya maktaba ya Shrewsbury kuna bomba moja lenye joto,
na kila mfanyakazi ana sababu ya kupita karibu nalo.
Mimi nimepewa masanduku kumi na moja na mashine yenye taa.
Fungua, laza, piga picha, funua.
Jarida linaitwa *Kizingiti*. Pensi tatu, kila mwezi,
la akina mama wa chama,
chama cha wenye mali na wanaowaombea wenye mali.

Jalada la mwaka hamsini na sita:
mwanamke mlangoni, aproni imenyooshwa pasi,
mguu mmoja ndani, mmoja nje.
Hadi leo sijui kama anatoka au anaingia.

Ukurasa wa nne: namna ya kuondoa doa la chai.
Ukurasa wa tano: namna ya kubisha kwa mpiga kura
bila kumwamsha mtoto wake.
*Usibishane na mume. Sifu maua kwanza.
Kisha taja kodi.*
Nacheka peke yangu, mashine inanguruma.

Mhariri ni Bi Hester Lavington.
Nyumba ndiyo taifa, anaandika, sufuria ndiyo bunge.
Naye, kwa ushahidi wa barua zake
zilizobanwa kwa pini yenye kutu,
alilala ofisini siku nne kwa juma
akila biskuti za kwenye bati.
Mganga hajigangi, wanasema;
huyu hata jiko hakuwa nalo.

Februari ya hamsini na tisa
anaandika msomaji, Bi Muriel Tranter wa Much Wenlock:
*Jioni tatu kila wiki natembea mvuani
kuwashawishi wanawake wenzangu
kwamba mahali pao ni nyumbani.
Je, wanangu akae nao nani?*
Jibu lina mistari minne:
*Nyama ya shingo, karoti, kitunguu, chumvi.
Funika. Moto mdogo.
Muda wa saa nne.
Inajipika yenyewe, mpendwa. Nenda.*

Hapo nikaacha kucheka.
Nilimwona mama, Kilosa, nyuma ya ukumbi,
kitambaa cha rangi ya chama kichwani,
akigeuza pilau ya wajumbe mia mbili
huku ndani wakipiga makofi.
Naye alikuwa na kijitabu cha umoja wao:
mwanzoni ahadi za mwanachama, mwishoni mishono,
katikati majina ya viongozi. Lake halimo.
Nikamwuliza, mama, unapata nini huko?
Akafuta mikono.
*Natoka nyumbani*, alisema.
Basi. Hakuongeza.
Chama kingine, nchi nyingine, siasa zilizopeana kisogo,
na moshi ule ule machoni.

Sanduku la saba, ukurasa wa kumi na tisa:
*Wanawake wenyeji wa makoloni wakifundishwa kufuma sweta.*
Wako saba, juani, na sufu mapajani.
Jina lililotajwa ni la mwalimu.
Niliwatazama mno, nikachelewa kuondoa mkono,
taa ikapita,
na pembeni mwa picha, karibu na yule wa mwisho,
kikatokea kidole gumba changu
na kovu lake la kisu.

Bwana Probert akasema, rudia, hiki ni kidole.
Nikasema, naam, ni kidole.
Nikafunua ukurasa wa ishirini.

Jioni nikanunua nyama ya shingo kwa mchinjaji wa daraja la pili,
karoti, kitunguu; chumvi ninayo.
Nikafunika, nikapunguza moto,
nikavaa koti niende popote,
kama alivyoagizwa Bi Tranter.
Sikufika hata kwenye ngazi.
Maji yalikauka mara mbili. Kitunguu kilitaka kushika chini.
Nikavua koti, nikavuta kiti.

Saa nne nzima.
Haikujipika.